Mukula na ndugu zake wa jamaa ya maharagi



Katika kijiji kimoja kando ya njia ya Kasomeno, nyuma ya kapela, tulikuta magogo kumi na moja yamelala katika majani. Yalikatwa vizuri, kila gogo urefu wa mita mbili na zaidi, tena yalipangwa kama mutu anavyopanga mali yake. Lakini gome lilikuwa limeanguka nusu, na mchwa walikuwa wamekwisha kuyafunika kwa udongo wao. Tuliuliza ni mali ya nani. Watoto walicheka, watu wazima walitazama chini.

Magharibi mukatekista muzee wa pahali pale alitufasiria jambo lote. Mununuzi mumoja alipita kijijini na kusema kwamba atanunua mukula wote watakaomutafutia, na bei aliyotaja ilipita mapato ya shamba la mihogo la mwaka muzima. Vijana watano walikopa unga, wakakodi tronsoneze, wakalala porini majuma mawili. Siku kamio ilipofika, mununuzi alikwangua gogo la kwanza kwa kisu, akatia mate, akapangusa kwa kidole. La pili vile vile. Alipofika kwenye gogo la tano aliacha. “Hii si mukula, hii ni mulombwa.” Kamio ilirudi tupu. Deni la unga na deni la tronsoneze yalibaki kijijini, na kijana mumoja aliuza kinga yake.

“Padri,” muzee alituuliza, “wewe uliyesoma seminari kubwa, ungejua tofauti?”

Ilitupasa kusema kweli: hatukujua. Majina ya kilatini ya miti hii miwili tuliyasoma zamani katika kitabu, lakini miti yenyewe tuliipita barabarani kila mwezi bila kuitazama. Kesho yake muzee alitupeleka porini. Haya tunayoandika yametoka kwake, na mengine yametoka katika kazi za wataalamu. Tumeyaandika kwa ajili yenu mnaokaa vijijini, kwani ni kwenu vijana wanakuja kuuliza kabla ya kukata, au hawaji.

JAMAA YAKE

Kasomeno ni pahali njia ya kutoka Lubumbashi inapogawanyika: moja inashuka Kasenga kwenye muto Luapula, ingine inaenda Kilwa na Pweto. Mutu wa mbali akisikia neno “pori la Kongo” anawaza pori kubwa la mvua, lile la Ituri na la Ekwateri, ambamo miti inapita mita 40 na jua halifiki chini. Kwetu si hivyo. Mvua inaanza Oktoba au Novemba, inaisha Aprili, halafu unafuata ukavu wa miezi mitano au sita. Pori letu ni pori la nuru: vilele vya miti vinakaribiana bila kufungana, na majani marefu yanaota katikati. Wataalamu wanaliita miombo, na jina hili walilitoa katika kinywa cha watu wetu wenyewe, kwani muombo ni mumoja wa miti ambayo wao wanaiita Brachystegia.

Lakini mapori haya mawili yana jambo moja la pamoja. Katika pori la Ituri muti unaotawala pahali pengi ni limbali, Gilbertiodendron dewevrei. Katika miombo miti inayotawala ni muputu, muombo, mutondo na ndugu zao. Yote ni ya jamaa moja, na jamaa hiyo ni ile ya maharagi. Kilatini wanaiita Fabaceae, au kwa jina la zamani Leguminosae.

Musomaji atashangaa: muti wa kutoa mbao na maharagi ya chungu, udugu gani? Alama ya jamaa hii ni ganda. Ua likikauka linaacha ganda moja, na mbegu zinapangwa ndani kwa mustari mumoja upande wa mugongo wake. Tazameni ganda la haragi, la kunde, la njegere, halafu okoteni ganda gumu la muputu linalopasuka kwa kelele wakati wa jua kali na kurusha mbegu mbali: mupango ni mumoja. Wataalamu wanahesabu katika jamaa hii aina karibu 19 500 na vizazi 765. Katika mimea yote yenye maua, jamaa mbili tu zinaipita kwa wingi. Tukumbuke pia kwamba njegere za bustani ya monasteri ya Brünn ndizo zilizomufundisha Gregor Mendel, mutawa wa Mutakatifu Augustino, sheria za urithi, alizozitangaza katika 1865. Alichagua mumea wa jamaa hii si kwa bahati: ua lake limejifunga, nalo linajipa mbegu lenyewe.

Wakubwa wetu walifundishwa kwamba jamaa hii ina makundi matatu. Katika 2017 wataalamu wa dunia nzima walipatana kuipanga upya katika makundi sita. Hapa ndipo tunapokuta jambo ambalo halionekani kwa macho. Mukula unasimama porini bega kwa bega na muputu na mutondo, lakini hao ni jirani tu. Wao ni wa kundi lingine, lile la Detarioideae. Mukula ni wa kundi la Papilionoideae, pamoja na maharagi. Na ndani ya kundi hilo, ndugu yake wa karibu kati ya mimea ya shamba ni karanga. Ndiyo, ile karanga tunayokaanga na kula barabarani. Tulipomwambia muzee wetu neno hili alicheka sana, akasema kwamba wakubwa wa ukoo sharti wawe na wadogo.

Udugu huu unaonekana kwenye mizizi. Ng'oeni karanga moja wakati wa mvua: mtaona vifundo vidogo pahali muzizi mudogo unapotoka katika muzizi mukubwa. Ndani ya vifundo hivyo wanakaa vidudu wadogo sana ambao wanatwaa azoti ya hewa na kuigeuza kuwa chakula cha mumea. Mumea nao unawalipa sukari. Mukula una vifundo vya namna ile ile. Muputu na mutondo hawana. Wao wamefanya patano lingine, si na vidudu bali na bowa: nyuzi za bowa zinavika ncha za mizizi yao na kuwatafutia chakula katika udongo. Ndiyo sababu mama zetu wanaokota bowa nyingi chini ya muputu mwanzo wa mvua. Tunaomba musomaji asiharakishe kupita maneno haya. Mutu akikata miombo yote ili kulima, anaondoa pamoja na miti ile bowa, na finkubala pia wanaokula majani yake. Na hayo yote yalikuwa mboga ya nyumbani. Profesa François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi Lubumbashi, aliandika kitabu kizima juu ya vyakula ambavyo watu wanapata katika pori hili, nacho kilitoka katika 1997.

JINA LAKE

Jina la kilatini ni Pterocarpus tinctorius. Waseminari wanaojua kigiriki watalifungua bila shida: pteron ni bawa, karpos ni tunda. Tunda lenye bawa. Tinctorius ni kilatini: wa kutia rangi. Aliyeupa jina hilo ni Friedrich Welwitsch, mutu wa Austria, aliyefanya kazi ya kukusanya mimea Angola toka 1853 mpaka 1861. Mutaalamu mwingine, Taubert, alikuta muti ule ule upande wa Afrika ya Mashariki akauita Pterocarpus chrysothrix, maana yake wenye nywele za zahabu, kwa ajili ya manyoya mafupi ya rangi ile. Leo majina haya mawili yanahesabiwa kuwa ya muti mumoja. Unaota Angola, kwetu Katanga, Zambia, Malawi, Msumbiji na Tanzania, ambako watu wanauita mukurungu.

Kama wataalamu wenyewe waliuita mara mbili, tusiwahukumu mbio vijana wetu. Majina ya watu nayo yanatembea. Katika Kibemba cha huku mukula ni huu tunaoueleza, na mulombwa ni Pterocarpus angolensis, ambao watu wa Tanzania wanauita mninga. Lakini kwa Walunda-Ndembu wa Mwinilunga, karibu na mupaka wetu wa magharibi, neno mukula ni jina la ule mulombwa wetu! Victor Turner, aliyekaa kwao kati ya 1950 na 1954, aliandika mengi juu ya muti huo na utomvu wake mwekundu, ambao kwao ni alama ya damu. Basi, kijana wa huku na kijana wa kule wakikutana katika kambi moja ya wakata miti, wanasema neno moja na kuwaza miti miwili. Nao wafanya biashara wameongeza giza kwa kusema kifaransa tu: “bois rouge”, muti mwekundu. Jina hilo linashika kila kitu kinachotoa wekundu. Hatulipendi hata kidogo.

UMBO LAKE

Mukula si muti wa kutisha kwa ukubwa. Mara nyingi unafika mita 10 au 20. Katika udongo muzuri unapita pale kidogo. Hapo ni tofauti na ndugu yao wa pori la mvua, Pterocarpus soyauxii, ambao Wazungu wanauita padouk: ule unapita mita 40, na miguu yake inapanuka chini kama mbao zilizoegemezwa. Tunasema hivi kwa sababu vitabu vingi vya shule vinaonyesha picha ya padouk na kuandika chini yake jina la Pterocarpus tu, na mwanafunzi wa Katanga anatafuta porini muti ambao hautauona.

Njia ya kuutambua, muzee wetu alitufundisha, ni kuanza na majani, si na gome. Jani la mukula, kama la ndugu zake wengi, limegawanyika: katikati kuna kijiti, na pande zote mbili za kijiti yanapangwa majani madogo, na lingine moja linakaa peke yake kwenye ncha. Kwa mulombwa majani hayo madogo ni mengi, kumi na zaidi, yanakaribia ishirini, nayo ni membamba, yanainama chini. Kwa mukula ni machache zaidi, na kila moja ni pana kupita ya mulombwa. Muzee alikata tawi la huu na tawi la ule, akayalaza juu ya jiwe moja. Baada ya dakika kumi hata mutoto aliyetufuata alijua kuyatenga.

Maua ya yote mawili ni ya manjano, yenye harufu nzuri, nayo yanavuta nyuki. Ua lina umbo la kipepeo: jani moja la ua limesimama juu, mawili ni mabawa, mawili ya chini yameungana kama mutumbwi. Kwa neno lile “kipepeo”, papilio, kundi zima la Papilionoideae lilipata jina.

Tunda ndilo linalopendeza kupita yote. Musahau sasa lile ganda refu la haragi. Hapa ganda limekuwa duara, bapa kama sahani ndogo au kama hostia kubwa ya padri; mbegu, moja au mara zingine mbili, imekaa katikati, na pembeni yote bawa jembamba linaizunguka. Halipasuki. Upepo wa kiangazi unalipeleka lote zima, na bawa linaoza pole pole udongoni mpaka mbegu inaachiliwa. Tunda la mulombwa ni namna ile ile, lakini katikati lina miiba mingi migumu kama mugongo wa nungu mudogo. Mutu anayeliokota mara moja hatalisahau. Wakati miti imekwisha kutupa majani, okoteni matunda chini: muti utajitaja wenyewe.

Sasa juu ya gome. Gome la mulombwa mukubwa ni jeusi-jeusi, limepasuka-pasuka kwa vipande vidogo vya pembe nne. Lakini tusijenge juu ya alama hii peke yake, kwani miti mizee inafanana, na moto wa kila mwaka unayageuza magome yote kuwa meusi. Na alama ambayo vijana wetu waliitumainia ndiyo iliyowapoteza: walipiga panga, wakaona utomvu mwekundu kama damu unatiririka, wakasema, huyu ndiye. Mulombwa unatoa utomvu ule kwa wingi. Mukula nao unautoa. Damu ya gome haitengi kitu.

MOYO MWEKUNDU

Kinachotenga kipo ndani. Muti wowote mukubwa una mbao za namna mbili. Pembeni, chini ya gome, kuna mbao hai, nyeupe au ya manjano, inayopandisha maji kutoka mizizi kwenda majani. Katikati kuna moyo, ambao kazi ya kupandisha maji umekwisha kuiacha. Muti unapoongeza pete mupya kila mwaka upande wa inje, pete za zamani upande wa ndani zinakufa pole pole, na kabla ya kufa zinajazwa vitu vya rangi na vya uchungu ambavyo mchwa na ukungu hawavipendi. Kwa mulombwa moyo huo ni wa kahawia, mara zingine wenye wekundu kidogo. Kwa mukula ni mwekundu kabisa, wekundu wa kushangaza unapopasuliwa mara ya kwanza. Baadaye ukikaa katika hewa unafanyika giza zaidi.

Tunda la fikara hii ni kubwa. Mukula kijana hauna moyo mwekundu wa kutosha. Karibu wote ni mbao nyeupe. Wekundu ni kazi ya miaka mingi, si kitu ambacho muti unazaliwa nacho. Mutu anayekata mukula wa unene wa paja lake anatupa sehemu kubwa ya alichokata, na anaua ule ambao ungekuwa mali ya watoto wake. Tuliona wengi wa namna hii wameachwa porini, wamekatwa, wakatazamwa ndani, wakaachwa.

Rangi yenyewe ina jina: santalini. Nayo ina tabia moja ambayo babu zetu waliijua kabla ya shule: haipendi maji. Weka unga wa mbao hii katika maji safi, maji yatabaki karibu kama yalivyokuwa. Lakini kaanda unga ule ule na mafuta, nao unashika mwili na nguo. Ndiyo sababu mama wazee walisugua gogo juu ya jiwe, wakapata unga mwekundu, nkula, wakauchanganya na mafuta ya ngazi au ya mbono, wakapaka wasichana waliotoka katika mafundisho, na mama aliyezaa. Wakuba wa Kasai wanauita unga wa miti hii tukula. Katika Lingala unaitwa ngola. Katika kongo yote, toka pori la mvua mpaka miombo, desturi ni moja, na miti inayoitoa ni ndugu wa Pterocarpus. Sisi wa seminari tulikaa miaka mingi tukidhani ni mambo ya upagani tu. Ni kweli kwamba desturi zingine zilifungwa pamoja na unga ule. Lakini ufundi wa kuitoa rangi isiyoyeyuka katika maji ulikuwa elimu ya kweli, na ingefaa mutu auandike kabla mama wale hawajaisha.

BIASHARA

Wekundu huo huo ndio uliouletea mukula taabu. Uchina tangu zamani watu wakubwa wanapenda viti na masanduku ya mbao nyekundu nzito. Muti wao wa heshima, Pterocarpus santalinus wa India, umekuwa haba, na biashara yake imewekwa chini ya ulinzi wa mapatano ya mataifa tangu 1995. Wafanya biashara walitafuta ndugu yake, wakamukuta Zambia, Malawi na kwetu. Zambia ilianza kuona makamio ya mukula mwanzoni mwa miaka ya 2010. Serikali yake ilikataza, ikaruhusu, ikakataza tena. Upande wa Katanga ya juu moto wa biashara uliwaka sana karibu na 2016 na 2017, katika eneo la Kasenga pia. Katika 2017 makamio kwa mamia yenye mukula wa Kongo yalizuiwa na serikali ya Zambia, kwani kwetu hakuna bahari, na gogo la Kasomeno sharti lipite inchi ya mwingine ili kufika bandarini.

Katika Agosti 2019, mukutano wa mapatano ya mataifa yanayoitwa CITES, uliokutana Geneva, uliweka Pterocarpus tinctorius katika orodha yake ya pili. Maana yake si kwamba kukata kumekatazwa kabisa; maana yake ni kwamba gogo halivuki mupaka bila karatasi ya serikali inayothibitisha kwamba limekatwa kwa sheria na kwamba pori halitaisha. Katika Novemba 2022, mukutano wa Panama uliongeza ndugu zake wote wa Afrika, hata mulombwa. Na hapa nyumbani sheria ya pori ya 29 Agosti 2002 inadai kibali kwa kila anayekata kwa biashara. Tunawaambia makatekista waziwazi: kijana akija na karatasi ya mununuzi, ulizeni kwanza kibali ni cha nani na jina gani la muti limeandikwa ndani. “Bois rouge” si jina. Serikali za Kongo na Zambia zimepatana kujenga barabara toka Kasomeno mpaka Mwenda na daraja juu ya Luapula. Njia ile ikifunguka, makamio yatakuwa karibu kupita zamani.

KISIKI NA MOTO

Je, pahali palipokatwa, mukula unarudi? Muzee alitupeleka kwenye visiki vya mwaka uliopita. Kwenye vingine tuliona machipukizi, kijiti juu ya kijiti, marefu kupita goti. Miti ya miombo haitegemei mbegu peke yake. Mizizi inayobaki hai chini inatoa miti mipya, na kwa mizizi ile ya zamani chipukizi linakimbia kupita muche uliotoka katika mbegu. Muche wa mulombwa, kwa mufano, unakauka juu kila kiangazi na kutoka tena wakati wa mvua, miaka na miaka, huku ukijenga muzizi mukubwa chini, kabla ya kudiriki kusimama.

Adui wa chipukizi ni moto wa mwisho wa kiangazi. Katika Ndola, ng'ambo ya mupaka, vipande vya miombo vilitengwa katika 1933 kwa kujaribu jambo hili: kimoja hakikuchomwa, kimoja kilichomwa kila mwaka mapema, majani yakiwa bado na maji, kimoja kilichomwa kila mwaka kwa kuchelewa, Septemba au Oktoba. C. G. Trapnell aliandika matokeo katika 1959. Pasipochomwa pori lilifungika na kuwa zito. Palipochomwa mapema miombo ilibaki miombo. Palipochomwa kwa kuchelewa miti mikubwa ilikwisha pole pole, yakabaki majani na miti michache migumu. Kati ya migumu hiyo ni mulombwa. Basi wawindaji wanaongoja Septemba ili kuwasha moto hawafukuzi panya tu. Na pahali wachoma makala wanapofuata nyuma ya wakata mukula, wakitwaa muputu na mutondo wote waliobaki, hakuna kivuli wala majani mabichi ya kupunguza nguvu ya moto ule.

Tulirudi kwenye magogo kumi na moja. Tulikuwa tumeeleza habari ya mbao nyeupe na moyo, na mumoja wa vijana watano, yule wa kinga, alisimama akafikiri, akachukua shoka. Alikwangua udongo wa mchwa. Chini yake mbao nyeupe ilikuwa imeliwa yote, unatia kidole inaingia. Alipiga tena. Shoka lilifika kwenye moyo na kulia kama juu ya jiwe: kahawia, mukavu, bila tundu moja. Mulombwa ni mumoja wa miti mizuri kabisa ya fundi wa mbao katika inchi hizi zote, na mchwa hawaushindi. Mununuzi aliukataa kwa sababu alitaka wekundu tu, na vijana walidhani kwamba kisichotakiwa na kamio hakina bei.

Tulienda pamoja nao kwa chefu, halafu kwa agenti wa mazingira, maana miti ile ilikatwa bila kibali na ilipasa kusema hivyo. Walilipa faini ndogo, wakapewa ruhusa ya kupasua. Fundi wa mbao wa Kasomeno alinunua nusu ya mbao kwa kutengeneza milango. Deni la unga limekwisha kulipwa; la tronsoneze bado. Mwezi wa Mei, tulipopita tena, mukatekista muzee alikuwa na vijana wawili wanalima majani kuzunguka visiki, mita mbili kila upande, kabla ya moto kuanza.